Mjumbe Asile na Mwombaji

Niliacha shule darasa la tatu, na sikufukuzwa na mtu. Nilimtazama mwalimu akiandika ubaoni, nikamkumbuka baba yangu nyumbani hana shati, nikajua ni wapi ninahitajika. Nilibeba mizigo gatini Kisumu mpaka mabega yakawa magumu kama soli, halafu nikajifunza kukunja bati. Yale masanduku ya shule ya bweni, ya rangi ya samawati yenye kufuli mbele, mengi yaliyotoka upande wetu miaka ya themanini yalipita mikononi mwangu. Madaktari na mawakili wa leo walibeba vitabu vyao ndani ya kazi yangu. Nasema hivyo bila haya.

Sasa nasimulia habari ya Shirika, kwa sababu watu hudhani pesa za kutafiti magonjwa huokotwa. Haziokotwi. Kuna chumba, kuna meza, kuna watu wanaokaa na kubishana nani apewe na nani anyimwe. Mimi nilikuwa mmoja wao kwa miaka mingi. Na chumba hicho ndicho kilichoninyang'anya mtu pekee niliyekuwa nikila naye Jumapili.

Nianze na marehemu mke wangu. Alizaliwa Seme, ufukweni kabisa, akakua amesimama ndani ya maji: kuteka, kufua, kuosha omena, wale dagaa wetu wa ziwani. Tulipokuwa watu wazima tumbo lake likaanza kujaa. Watu wakasema ni chira, kwamba tumevunja mwiko fulani na sasa mwiko unatudai. Ndugu yangu mwenyewe alinijia na orodha ya miiko, akitaka nichague. Nilimwambia achague yeye, mimi nina kazi. Siku mke wangu alipotapika damu tukamkimbiza hospitali, na hakurudi akitembea.

Daktari aliyekuwa zamu alikuwa kijana wa Taita, mwembamba, hana ndugu hata mmoja Kisumu. Alinitoa nje, tukasimama kivulini kando ya jengo la wodi.

"Mzee, pole. Si laana. Ni kichocho cha tumbo. Minyoo huingia kwenye ngozi majini, na inaelekea yeye alianza kuingiwa tangu akiwa msichana. Imekula ini pole pole."

"Na nyinyi mlikuwa wapi miaka yote hiyo?"

Nilingoja aanze Kiingereza, kama wanavyofanya wakibanwa. Hakuanza.

"Hatukuwa tukiitafuta," alisema.

Nilimpenda kwa neno hilo. Baada ya mazishi nilirudi nyumbani kwangu Nyalenda, na Jumapili moja nikamwona amesimama langoni na kofia mkononi. Nikadhani kuna deni la hospitali limebaki. Kumbe alikuja tu kuona kama nakula. Nikamwambia ingia, tule. Akaingia, na akawa anaingia kila Jumapili.

Wanangu walikuwa wametawanyika, Nairobi na kwingine. Barua zao zilikuja zikiwa na shida ndani. Siwalaumu, hata mimi nilimwandikia baba yangu hivyo hivyo, kwa kuwatuma watu wanaojua kuandika. Lakini nyumba ilikuwa kubwa. Nilikuwa nimeijenga mimi, chumba baada ya chumba, nikiwa na mtu wa kuijaza, na sasa usiku nilisikia bati likijikunja kwa baridi kama mtu anayevunja vidole. Jirani yangu, mama mmoja mjane aliyekaanga samaki karibu na bomba la maji, ndiye aliyenipikia. Alinipikia chakula kizuri na maneno makali, vyote kwa bei moja.

Jumapili zile hazikuwa na jambo kubwa. Jirani analeta ngege wa kukaanga, mboga na ugali, tunanawa, tunakula. Daktari alikuwa na tabia ya kumgeuza samaki ili kichwa kitazame upande mwingine.

"Kinanitazama, Mzee."

"Kinashangaa. Anayeacha kichwa ameacha samaki."

"Kwetu milimani samaki tunayemjua anatoka mkebeni. Hana kichwa wala maswali."

"Ndiyo maana mko wembamba."

Alinisahihisha Kiswahili, mimi nikamsahihisha ulaji. Baada ya kunawa tena ndipo tulipozungumza. Mara nyingi tulizungumza juu ya mke wangu. Yeye alitaka kujua mambo ambayo hakuna mtu mwingine aliyetaka kuyajua: alianza kuchoka lini, alipokuwa msichana alisimama majini tangu saa ngapi hadi saa ngapi, dada zake wako vipi. Mimi nilitaka kumtaja tu. Kwa hiyo tulifaana.

Sasa Shirika. Lilikuwa la watu wa ng'ambo wanaochanga sadaka, pamoja na wafanyabiashara wachache wa mji wetu, na kazi yake ilikuwa kutoa ruzuku kwa watafiti wa magonjwa ya huku ziwani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwenye duka la vitambaa, Mwislamu wa mjini. Babu yake alifika Kisumu pamoja na reli. Alikuwa mteja wangu. Siku moja alikuja karakanani, akangoja nimalize kupiga nyundo, akasema:

"Mzee, sheria yetu inataka mtu mmoja kwenye kamati asiwe daktari wala profesa. Tunatafuta mtu wa kawaida. Yaani, samahani, ambaye hajasoma sana."

"Umefika," nikamwambia. "Kaa kwenye sanduku hilo, limekauka."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjumbe. Nilinunua koti. Jirani aliliona akasema, "Jaduong', mzee wetu, na hiyo koti umezikwa ama umeolewa?" Nikamwambia nimechaguliwa. Akasema haidhuru, zote tatu mtu huvaa koti moja.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha ghorofani, katika jengo la zamani linalotazama gati. Nilikuta utaratibu, na mimi ni mtu wa utaratibu. Bati likikunjwa vibaya mara ya kwanza halinyooki tena. Mtafiti anaandika maombi. Katibu wetu, mama mmoja wa makamo asiyecheka saa za kazi, anayasoma kwanza na kuyatupa yale yasiyohusu ziwa wala ugonjwa. Yanayobaki anayatuma kwa wataalamu, wengine Nairobi, wengine ng'ambo, watu wasiomjua mwombaji, nao wanaandika wanavyoona: swali lina maana? Njia itafika? Huyu mtu anaweza? Majibu yakirudi, kamati inakaa. Kila ombi linapewa mjumbe mmoja alieleze, wengine wanalichokonoa. Halafu mikono inainuliwa. Mwisho kuna masharti, kwamba tunakupa, lakini ufanye hivi na hivi.

Kila mwombaji alipaswa kuandika pia ukurasa mmoja wa Kiswahili rahisi. Ukurasa huo ulikuwa wangu. Niliusoma polepole karakanani, kidole kikitangulia, kabla ya kikao. Na kazi yangu ilikuwa kuuliza: mgonjwa mwenyewe atafanywa nini, na ameambiwa?

Sitasema nilikuwa sahihi kila mara. Alikuja mtu aliyetaka kuchovya vyandarua kwenye dawa aone kama malaria itapungua kwa watoto. Nilipinga kwa nguvu. Nilisema watu wa mtaa wa Obunga watafugia kuku kwa hizo neti. Walinisikiliza vizuri, wakainua mikono, nikashindwa. Baadaye nilinunua neti ya namna ile mimi mwenyewe, nikalala ndani yake. Kushindwa mezani hakuniumi. Kinachoniuma ni kutoulizwa.

Basi Jumapili moja daktari alinawa, akakaa, akasema kama mtu anayeomba chumvi:

"Mzee, nimeamua kuandika maombi. Kwa Shirika lenu."

Nikaacha tonge. "Ya nini?"

"Kichocho. Wanawake wa ufukweni kule Seme, wanaoanika omena. Nataka kuwapima mapema, kabla tumbo—"

"Nyamaza."

"Mzee?"

"Usiniambie. Kula samaki."

Alicheka. Tulimaliza kula tukizungumza habari za mvua, na mvua yenyewe haikuwako.

Kesho yake nilikwenda kwa Katibu. Nilimwambia kuna mwombaji ninayemfahamu, sheria inasemaje. Alivaa miwani, akafungua kabati, akasoma kimoyomoyo, akanipa kwa kifupi: mjumbe atangaze maslahi yake, atoke nje ombi likijadiliwa, na mjumbe na mwombaji wasiwe na mawasiliano mpaka uamuzi utoke.

"Nimeelewa," nikasema.

Na nilielewa, kwa namna tunavyoelewa sisi. Kwetu mtu akioa, mama mkwe wake, maro, anakuwa mtu wa kukaa mbali naye. Huli mbele yake, humpi mkono hovyo, mkikutana njiani unampisha. Si kwa chuki. Ni heshima, na heshima ya namna hiyo haina nusu. Huwezi kusema nitakula na maro kidogo. Mama wa marehemu mke wangu alikufa hajawahi kuniona nikitafuna, na nina hakika hakuna mkwe aliyempenda kuliko mimi. Kwa hiyo Katibu aliposoma ile sheria, niliona ni kitu ninachokijua tangu ujana.

Jumapili iliyofuata nilimngoja langoni.

"Leo hatuli," nikamwambia.

"Kuna msiba?"

"Kuna kamati. Mjumbe na mwombaji wasikutane mpaka uamuzi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uamuzi."

"Mzee, hiyo ni miezi."

"Najua."

"Na ukiugua?"

"Nitaugua kwa daktari mwingine."

Akaanza kucheka. Nikamweleza habari ya maro. Akauliza, "Yaani sasa mimi ni mama mkwe wako?" Nikamwambia ndiyo, tangu Jumatatu. Akacheka mpaka akashika nguzo ya lango. Halafu akaniona sicheki, akakunja kofia yake.

"Na nikiyaondoa maombi?"

"Ukiyaondoa, usije hapa tena maisha yako yote. Kuna mtu amezikwa kwa sababu hakuna aliyekuwa akitafuta. Wewe mwenyewe ulisema. Nenda katafute."

Aliondoka akipitia njia ya bombani. Jirani alikuwa anakuja na sinia, akampita, akafika kwangu akiangalia nyuma.

"Mgeni yako anaenda wapi na samaki iko hapa?"

"Ameenda. Weka."

"Mmegombana?"

"Hatujagombana."

"Basi nani atakula huyu wa pili?"

"Rudi naye."

"Mimi siuzi samaki ya kurudi," akasema, akaweka wote wawili mezani, akaenda.

Nilidhani ni jambo la msimu mmoja. Sikujua namna kamati inavyokwenda ukiwa unangoja. Ukiwa mjumbe tu, miezi inapita huku unakunja bati. Ukingoja, unaona kila kitu kinavyoweza kukwama. Mtaalamu wa ng'ambo alikwenda likizo na karatasi zetu mezani pake. Mwingine alijibu kwamba hawezi kusema lolote kwa kuwa aliwahi kufanya kazi na mwombaji. Naye alikuwa na maro wake, nikamheshimu. Ikabidi atafutwe mwingine. Halafu wachangaji wa ng'ambo wakachelewesha fungu la mwaka, Katibu akaahirisha kikao. Kila kuahirishwa kulikuwa Jumapili nyingine nyingi.

Nilijaribu kwenda kula hotelini mjini. Watu hotelini wanakula haraka, wakitazama mlango. Nilijaribu kufungua karakana Jumapili, lakini nyundo peke yake mtaani Jumapili inasikika kama ugomvi. Nikabaki nyumbani. Nilikula polepole ili siku ipungue. Usifikiri nilikuwa nalia. Sikulia. Lakini kuna kitu kinatokea kwa mtu akikosa wa kumtajia marehemu wake: anaanza kumsahau kwa vipande. Kwanza sauti yake alipoita kuku. Halafu ni mguu upi uliokuwa na kovu. Zamani daktari aliuliza, mimi nikakumbuka. Sasa hakuna aliyeuliza.

Nilimwona daktari sokoni Kibuye mara moja. Aliinua mkono. Mimi nikageukia vitunguu, nikauliza bei ya vitunguu ambavyo sikuvihitaji, mpaka alipopita. Mwuza vitunguu akasema, "Mzee, huyo anakudai?" Nikamwambia nusu kilo.

Halafu likaja la ndoa.

Daktari alikuwa amepata mchumba, mwalimu wa shule ya msingi kule kule Seme, karibu na Kombewa. Nilikuwa nikijua tangu zamani. Katika Jumapili zile, akiwa hana baba huku wala mjomba, aliniomba siku ikifika nimtangulie mimi kwenda kwa wazazi wa msichana. Nikakubali. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Mtu anayempeleka kijana kuposa huwa ni baba kwake, na hilo haliishi siku ile tu. Watoto wakizaliwa wanakuja kukuona, ukifa kuna mtu wa kushika jeneza upande mmoja.

Jirani ndiye aliyeleta habari. Alikuja bila samaki.

"Daktari ametuma neno kwangu, kwa sababu kwako hatumi. Anasema Jumamosi wanaenda Kombewa kwa wazee wa msichana. Anauliza kama utaenda mbele yake."

Niligeuka kufunga dirisha.

"Jaduong', nimeuliza."

"Uamuzi haujatoka."

"Uamuzi gani? Hii ni bibi."

"Ni mtu mmoja. Siwezi kuwa baba yake Jumamosi, halafu Jumatatu niketi kwenye meza inayomhukumu. Watasema kijana alipata kwa sababu ya mzee. Itakuwa doa kwa kazi yake yote."

"Toka kwa hiyo kamati basi."

Nilishalifikiria hilo kabla yake. Lakini kwenye meza ile ni mimi tu niliyekuwa nikiuliza mgonjwa ameambiwa nini. Na niseme kweli, niliipenda meza ile. Mtu aliyebeba mizigo gatini, sasa anakaa ghorofani akiitazama gati kutoka juu, na maprofesa wakimwambia, Mzee, unaonaje. Nilikuwa nimefika hapo kwa miguu yangu.

"Mwambie hapana," nikasema. "Mwambie namtakia heri."

"Hiyo ya heri nitaongeza mimi, maana wewe umeisema kama mtu anatema mbegu."

Alitangulia mfamasia mmoja wa hospitali, mtu wa maneno mengi. Jirani, ambaye alijua kila kitu cha Kisumu na viunga vyake, alinieleza yote: ng'ombe walivyotajwa, wazee wa msichana walivyojifanya wamekasirika, na mfamasia alivyojibu.

"Aliongea vizuri?" nikauliza.

"Aliongea sana."

"Sikuuliza sana."

"Basi hapana," akasema, kwa huruma ambayo sikuizoea kutoka kwake.

Nilikuwa nimetengeneza sanduku la bibi harusi, la rangi ya maziwa, lenye kingo za shaba. Lilikaa karakanani likikusanya vumbi mpaka mzazi mmoja akaja kumtafutia binti yake la kwenda nalo shuleni. Nikamwuzia.

Kikao kilikuja mwishowe. Siku ile gugu maji, ambalo ndipo lilikuwa linaanza kuonekana ziwani, lilikuwa limesukumwa na upepo mpaka karibu na gati, na wajumbe walisimama dirishani wakilishangaa kabla ya kuketi. Tulipofika kwenye ombi la kichocho, nikasimama.

"Nina maslahi," nikasema.

Katibu akainua kalamu. "Ya namna gani, Mzee?"

"Alikuwa anakula kwangu."

Wakatabasamu. Mwenyekiti akauliza, "Na sasa?"

"Tangu niliposomewa sheria, hapana."

Tabasamu likaondoka polepole, kama watu waliosikia kitu lakini hawajui ni nini. Nikachukua koti langu, nikatoka.

Nje kulikuwa na ukumbi mwembamba na benchi. Nilikaa hapo. Mlango ulikuwa wa mbao nzito. Sauti zilipita bila maneno. Nilimjua Mwenyekiti kwa kikohozi. Nilisikia mtu akieleza kwa kirefu, nikasikia wengine wakiingilia. Na mimi nilikaa nikitazama dari, nikiwaza kwamba katika jengo lile zima mtu pekee aliyewahi kulala kando ya tumbo lile, aliyewahi kumgeuza mgonjwa upande wa pili kwa sababu hawezi kujigeuza, ndiye yuko nje. Wao walikuwa na karatasi za wataalamu. Sikusema sheria ni mbaya. Nilikaa tu nikiwa na mengi ya kusema, na haki yangu ilikuwa kunyamaza.

Waliponiita ndani walikuwa wameshaingia kwenye ombi lingine, la maji ya visima. Nikainua mkono kwa hilo bila kujua vizuri nimekubali nini. Mwisho wa kikao Katibu akasoma maamuzi yote kwa mfuatano. Kichocho: limekubaliwa. Kisha akasoma sharti. Mtaalamu wa ng'ambo alikuwa ameandika kwamba utafiti wa namna hii huharibika mtafiti akiwa mtu wa kuja na kuondoka. Kwa hiyo mwombaji ahamie karibu na ufukwe, akae huko muda wote wa kazi. Kamati iliona ni sharti la busara. Hata mimi ningeliona hivyo, kama ningekuwa ndani.

Wajumbe walipotawanyika Mwenyekiti alinishika mkono kwenye ngazi.

"Mzee, kweli hujala na yule kijana wakati wote huu?"

"Sijala."

"Lakini hakuna aliyekukataza kula naye. Maana ya sheria ni msizungumze habari za ombi. Hayo tu."

"Bwana Mwenyekiti, wewe ukila na mtu unazungumza nini?"

"Mpira. Biashara. Watoto."

"Mimi na yeye tulikuwa tukimzungumza marehemu. Na marehemu ndiye ombi."

Alishuka nami ngazi mpaka chini, akiwa amenishika mkono bado, na dukani kwake akanipa chai.

Daktari alikuja Jumapili iliyofuata kikao, barua ya Shirika ikiwa bado haijamfikia; jirani, niliyemwambia mimi, ndiye aliyempasha. Alikuja na mkewe, mwalimu, msichana mtulivu, mwenye macho ya kusahihisha daftari. Nilifurahi. Jirani alikaanga samaki kana kwamba ni Krismasi. Daktari alikula kichwa bila kuambiwa. Mke wake alikuwa ameshamfundisha. Aliuliza habari za karakana. Nikauliza habari za nyumba watakayohamia. Tulikuwa na adabu nyingi, na zamani hatukuwa nayo. Mara mbili nilitaka kumtaja marehemu, na mara mbili nikaona kwamba yule msichana hamjui, itabidi nianze mwanzo, na saa inakwenda. Waliondoka mapema kwa sababu mfamasia alikuwa amewaalika kwake jioni. Ndiye aliyewaozesha, ilikuwa haki yake.

"Nitakuja, Mzee," alisema langoni. "Kombewa si mbali."

"Si mbali," nikasema.

Lakini wanawake wa omena hupatikana Jumapili, wakitoka kanisani, kabla hawajarudi kwenye nyavu za kuanikia. Jumapili ikawa siku yake ya kupima. Hakudanganya. Ni kazi iliyombana, na kazi hiyo mimi ndiye niliyemtuma.

Mwaka uliofuata kamati ilikwenda kukagua, kama ilivyo desturi: unatoa ruzuku, halafu unakwenda kuona kama kuna kitu. Tulikwenda na gari la Shirika mpaka Kombewa, tukashuka ufukweni. Daktari alikuwa ameweka meza chini ya turubai, hadubini juu yake, dada mmoja wa maabara akichungulia. Wanawake walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na kikopo chake cha choo chenye kifuniko, wakitaniana ni cha nani kizito zaidi. Aliwapima, waliokuwa na minyoo akawapa vidonge, na baada ya miezi akawapima tena. Aliwaeleza wajumbe kwa ufasaha. Aliponifikia akanipa mkono kwa mikono miwili, akasema karibu, Mzee, kisha profesa mmoja akamwuliza swali na akageuka kumjibu.

Nikajitenga. Mbele kidogo, kwenye gogo, alikuwepo mama mmoja peke yake, nje ya foleni. Nililijua tumbo lile kabla sijauona uso. Nikamsalimu kwa Dholuo, lugha yetu.

"Wewe ni daktari?" akauliza.

"Hapana. Mimi ni wa kamati."

"Kamati inafanya nini?"

"Inakaa."

Akacheka, akishika tumbo kwa mikono miwili. "Kukaa hata mimi najua."

"Basi sogea."

Akasogea, nikaketi. Tulitazama foleni ikienda. Baadaye akauliza, bila kunitazama, "Hili litapungua?"

Nilikuwa nimesoma ule ukurasa wa Kiswahili. Walinipa baada ya uamuzi. Nilijua utafiti ulikuwa kwa ajili ya wale wa foleni, wenye matumbo bapa.

"Sijui," nikasema. "Muulize yeye. Huyo hasemi uongo."

"Ndiyo maana namwogopa."

"Nitasimama karibu."

Ilipofika zamu ya mwisho nikainuka naye. Alitembea polepole, nikapunguza mwendo. Daktari aliinua uso, akatuona tukija pamoja.

"Mzee, huyu ni wako?"

"Hana mtu."

Akatafuta kigoda, akakisukuma upande wangu. "Basi kaa."

Nilikaa. Alimlaza mama kwenye mkeka, akapapasa chini ya mbavu kwa vidole vilivyonyooka, bila haraka. Alimwuliza maswali kwa Dholuo. Dholuo safi, aliyojifunza kwa mkewe. Alianza kuchoka lini? Alipokuwa msichana alisimama majini tangu saa ngapi hadi saa ngapi? Dada zake wako vipi? Mama alijibu moja moja, na mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa shati langu.

Barabarani gari la Shirika likapiga honi. Wajumbe walikuwa wamepanda, Katibu alikuwa akinitafuta kwa macho. Honi ikalia tena. Nilibaki pale nikingoja mama amalize kujibu.